Boti Yenye Sabato Mbili

Atu mwanangu,

Habari za dawa, za kufunga begi kwa kufuli na za kutokula vya watu usiowajua ndani ya basi, mama yako ameshazimaliza. Amezirudia tangu juzi mpaka mie mwenyewe nimezikariri. Hapo sina la kuongeza. Kesho asubuhi tutakusindikiza stendi ya Mbezi, nami najijua: nitahangaika na mizigo, nitagombana na wapiga debe, basi litaondoka na sitakuwa nimesema neno lolote la maana. Ndiyo maana nimekaa hapa sebuleni wakati wewe umekwenda Mbweni kuwaaga akina Magesa. Naandika kabla hujarudi.

Nianze na ukweli. Nina hasira. Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani ulinishika mkono ukasema, "Baba, yaishe." Nikakuitikia, "Yameisha, mama." Hayajaisha. Nilikuitikia hivyo kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, nawe ulikuwa umevaa lile gauni lako la kuagia, sikutaka kukuharibia. Lakini sitaki uondoke ukidhani baba yako ni mtu wa kumeza mambo kirahisi namna hiyo.

Sehemu kubwa ya haya unayajua, maana yalikupata wewe. Lakini wewe uliyaona ukiwa upande wako wa meza, mie nikiwa upande wangu. Nataka uwe na yangu pia.

Unakumbuka tulivyowajua akina Magesa? Mama yako alikuwa amelazwa, mie nashinda kazini kule ghalani Tegeta, wewe uko kwenye mitihani. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mama mkwe wa mtu tusiyemjua. Huyo mtu alikuwa Mama Magesa. Kila asubuhi alikuja na chupa mbili za uji, moja ya mama mkwe wake, moja ya mama yako. Hakuuliza sisi ni kabila gani, hakuuliza tunasali wapi. Mama mkwe wake alipofariki, mama yako, akiwa hajapona sawasawa, alikwenda kulala msibani kwao. Tukaanza kutembeleana, kisha tukaanza kusali pamoja kila Jumatano, wiki hii kwao Mbweni, wiki ijayo kwetu huku Wazo. Ilipita miezi kadhaa ndipo nikajua kwamba ni watu wa Jumamosi. Nilimwalika Baba Magesa kwenye harusi ya Jumamosi, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, siku hiyo mie huwa nipo ibadani." Nikasema sawa. Kwangu likaishia hapo. Nilidhani kwa kila mtu litaishia hapo.

Wazo la boti halikuwa langu wala lake. Lilikuja lenyewe Desemba ile ambayo sisi hatukwenda kwetu Kyela na wao hawakwenda kwao Majita. Tulikuwa tumekaa kwao baada ya maombi, tunakula samaki, Baba Magesa akaanza kulalamika kwamba watoto wa watu wa ziwa wanakua bila kushika kasia, na bahari iko mwendo wa kutembea kwa mguu. Nikamwambia sisi kule Matema, kwenye Ziwa Nyasa, tulikuwa tunajua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Akasema watu wa Nyasa wanachimba gogo tu, boti halisi ni ya mbao, kama za kwao. Nikachukia kidogo. Mama yako akasema, "Nyie wanaume mnagombania maziwa ambayo hata hayapo hapa. Si muunde basi tuone?"

Likizo yetu ikawa hiyo. Asubuhi tunashuka Mbweni wote, tunafanya kazi uani kwao pamoja na mtoto wao Magesa mpaka jua liwe kali, tunakula pamoja, jioni tunaimba na kusali tukiwa tumekaa juu ya zile mbao. Baba Magesa ni mwalimu wa useremala, vifaa anavyo na mikono anayo. Mie nilikuwa mshika mbao na mbishi. Siku ya kwanza tu tulibishana juu ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti nzima, mie nikitaka mwembamba, yeye akitaka mnene. Tulipochoka ukachukua chaki ukatuchorea kwenye sakafu ya baraza umbo zima, kuanzia mbele mpaka nyuma, ukatuambia, "Baba zangu, hii ni bahari. Kule kwenu mawimbi ni ya aina nyingine. Mmeuliza watu wa hapa?" Hatukuwa tumeuliza. Tangu siku hiyo wewe ndiye uliyekuwa unaamua, sisi tunapinga kidogo halafu tunafuata.

Nakumbuka mikono yako ilivyojaa malengelenge, nakumbuka ulivyojifunza kusukuma pamba kwenye nyufa kati ya ubao na ubao ili maji yasiingie, ukiwa umelala chali chini ya boti huku unaimba sauti ya pili peke yako. Sikuwahi kukuona na furaha ya namna ile. Shuleni ulikuwa unafaulu, lakini kufaulu ni kitu kingine. Mle uani ulikuwa mtu aliyejua amezaliwa afanye nini. Wanaokushangaa leo kwamba binti anakwenda Mwanza kusomea uundaji wa boti hawakukuona siku zile.

Kisha ikaja ile hoja ya siku. Ijumaa jioni Baba Magesa alifunga vifaa vyake, akasema kesho ni sabato. Mie nikasema hamna tabu, nyie mpumzike kesho, sisi tutakuja kugonga. Jumapili sisi tutapumzika, nyie mgonge. Kazi haitalala. Nilidhani nimetoa suluhisho la akili sana. Mama Magesa akatazama chini. Mama yako akanikanyaga mguu. Ndipo wewe ukasema, bila kutafakari sana, "Baba, tutagongaje misumari uani kwa watu wakiwa wanasali? Hii boti ipumzike siku zote mbili. Itakuwa boti yenye sabato mbili." Tukacheka wote mpaka Baba Magesa akafuta machozi. Halafu ukaongeza, "Na kwa kuwa kesho hatuna kazi, twende tukasali nao. Na Jumapili waje kwetu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Narudia, ilikuwa rahisi hivyo!

Jumamosi tulikwenda. Walitupokea vizuri, tukakaa, tukaimba nyimbo ambazo nusu yake tunazijua. Jumapili wakaja kwetu. Baba Magesa aliimba besi hadi wanakwaya wakageuka kutazama. Mchungaji mwenyewe alishuka akawapa mkono, akawaambia karibuni tena, jisikieni mko nyumbani. Mzee Andondile, katibu wa baraza la wazee, mtu aliyekubeba siku ya ubatizo wako, alimpigapiga Baba Magesa mgongoni akimwambia, "Huyu sauti yake tusimwachie aondoke." Wao walipokuja kwetu ilikuwa sifa. Sisi tulipokwenda kwao ikawa kosa. Kumbe mlango wetu ulikuwa wa kuingilia tu!

Hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo. Wangekuwa na msimamo, wangesema tangu mwanzo, "Sisi hatuchangamani na wale," ningebishana nao lakini ningewaheshimu. Hawakuwa na msimamo. Walikuwa wanahesabu tu nani anaelekea upande gani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baada ya habari za harusi na usafi wa uwanja, Mzee Andondile alishika kipaza sauti akasoma: mwalimu wa shule ya Jumapili Atupele amesimamishwa huduma mpaka atakapofika mbele ya baraza. Bila sababu. Hakuna aliyetupigia simu. Hakuna aliyekuja nyumbani, na nyumba yetu wanaijua, wameshakula pilau humu mara ngapi! Wewe ulikuwa umekaa kule mbele na watoto wako wadogo, umempakata yule mtoto wa Mama Lugano asiyetulia. Kanisa zima likageuka. Na yule mtoto akauliza kwa sauti, jinsi watoto wanavyouliza, "Dada Atu ameiba nini?"

Sikuwahi kusikia swali lililoniumiza vile. Kwa sababu mtoto alikuwa sahihi. Mtu akitajwa vile mbele za watu, lazima awe ameiba kitu.

Wewe ulimshusha polepole, ukamwambia jambo sikioni, ukanyanyuka ukatoka kwa mlango wa pembeni. Hukukimbia. Mie nilitaka kukimbia.

Sasa nije kwenye baraza, maana hapo ndipo ninapotaka kusema nawe.

Tuliingia ofisini kwao jioni ya Alhamisi. Wazee wamekaa nyuma ya ile meza ndefu, mchungaji pembeni anapangusa miwani yake kana kwamba ana kazi hiyo tu duniani. Wewe ukawaamkia wote, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Wakaitikia marahaba bila kukutazama. Mzee Andondile akaanza.

"Binti, tumesikia mmekuwa mnasali kwa wale wa Jumamosi."

"Ndiyo, baba mzee. Tulikwen..."

"Tulikwenda familia nzima!" Hiyo ni sauti yangu. "Mimi ndiye kichwa cha nyumba. Kwa nini hamkunisimamisha mimi?"

"Baba Atu, wewe huna huduma ya kusimamishwa," akasema, na wenzake wawili wakatabasamu. Nikaona weusi mbele ya macho.

Akakurudia wewe. "Wamekuzamisha kukubatiza upya? Tumeambiwa mna boti, mnakwenda nayo baharini, watu wanazamishwa huko."

Boti yenyewe haikuwa na hata mbavu za kutosha! Ilikuwa imelala uani kwa watu kama mifupa ya ng'ombe. Nikawaambia hivyo, kwa kelele. Kisha yule mama wa baraza, anayekaa karibu na dirisha, akauliza swali ambalo nikilikumbuka hata nikiwa ghalani nasimamisha kazi. Alisema, "Kwenye send-off ya binti wa Mama Lugano, ulisogeza kitimoto pembeni ya sahani. Ni kweli au si kweli?"

Atu, watu wazima! Wazee wa kanisa! Wamekaa jioni nzima wanamhoji binti wa watu juu ya nyama ya nguruwe aliyoiacha kwenye sahani, kwa kuwa watu wa Jumamosi hawaili! Ukafungua mdomo ujibu. Nikakuwahi tena. "Aliiacha kwa sababu ilikuwa mbichi!" Nikapiga meza, chai ya mtu ikamwagika, nikakushika mkono tukatoka.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimewaweza. Tulipofika pale kwenye mwinuko, malori ya saruji yanapogeukia, tukasubiri yapite, ndipo ukasema neno lako la kwanza tangu tutoke.

"Baba, walikuwa wananiuliza mimi."

Nikasema, "Na mie ndiye baba yako."

"Najua. Lakini nilikuwa na jibu." Lori likapita. "Ile nyama niliisogeza kwa sababu nilikaa na Magesa, na sahani yake ilikuwa na wali mtupu. Sikutaka ajione peke yake. Ningewaambia hivyo tu. Labda wangeona aibu."

Malori yalipoisha nikavuka barabara, nawe nyuma yangu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nililipuka vile, kwa hiyo nikuambie. Shangazi yako Tusekile, dada yangu mkubwa, unamjua kama mwanamke wa Mbozi anayeleta mchele na kucheka sana. Hujawahi kumwona kanisani, ukadhani ni tabia yake. Alipokuwa na umri kama wako aliolewa na mwanamume wa kanisa jingine. Wazee wa kule kwetu walimtoa kwenye kwaya na wakamwambia akija akae benchi la nyuma, lile la waliotengwa. Alikuja. Alikaa pale na tumbo lake la ujauzito, Jumapili baada ya Jumapili. Baba yangu, babu yako, alikuwa amekaa mbele na sisi wengine. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nyumbani mama alipolia, baba alisema maneno mawili tu: "Wazee wamesema." Siku moja Tusekile hakuja tena. Hajaingia kanisa lolote tangu hapo. Tulipomzika bibi yako alisimama nje ya uzio hadi ibada ikaisha.

Wakati wa lile benchi nilikuwa kijana mdogo, nikajiapia kwamba wangu wakiguswa sitanyamaza. Basi ulipoguswa wewe nilipiga kelele kwa niaba ya Tusekile, kwa niaba ya mama yangu, na kwa hasira ya miaka yote niliyomtazama baba yangu akitazama mbele. Nilipiga kelele nyingi kiasi kwamba aliyehukumiwa hakupata nafasi ya kusema. Babu yako kwa kimya chake na mie kwa kelele zangu, wote tumefika mahali pamoja. Binti amesimama pale, na hakuna aliyesikia anachosema.

Sisemi hivi ili unionee huruma, na wala simaanishi hasira yangu ilikuwa mbaya. Hasira yangu ilikuwa sahihi kabisa na ninaitunza. Nilichokosea ni kukaa kwenye kiti chako.

Wiki hiyohiyo Baba Magesa akaacha kupokea simu. Nilimpigia asubuhi, nikampigia jioni. Jumatano ya maombi ikapita. Nikajua, na nilijua sawasawa, kwamba na kwao yametokea. Wamemwita, wamemwambia amewaruhusu watu wa Jumapili kuongoza sala nyumbani kwake, na kwamba mwalimu kama yeye anawapoteza vijana. Na yeye, tofauti na mie, aliinamisha kichwa. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mzee Andondile. Mzee Andondile hakuwahi kuniletea uji hospitalini! Nilimwambia mama yako kwamba yaishie hapo, mbao zioze, kila mtu akae na siku yake. Nilisema hata ile chupa ya chai ya Mama Magesa iliyobaki kwetu irudishwe kwa bodaboda.

Wewe ndiye uliyeichukua ile chupa. Ukasema utairudisha mwenyewe. Jioni hukurudi mapema, nikaja kukutafuta nikiwa nimeshaandaa maneno makali. Nikakuta geti la Mbweni liko wazi, na uani nasikia nyundo. Wewe na Mama Magesa. Amejifunga kanga mbili, ameshika ubao kwa magoti, wewe unagonga. Baba Magesa alikuwa amekaa barazani na kitabu mkononi ambacho hakuwa anakisoma. Tukatazamana. Nikamwambia, "Wewe umekaa tu?"

Akasema, "Nimekatazwa."

"Hata mie nimekatazwa."

"Mbona umekuja?"

Nilikuwa nimekuja kugomba. Lakini nikaona ubao mliokuwa mnaupigilia umekaa upande, unahitaji mtu wa kuukandamiza upande wa pili, nikaenda nikaukandamiza. Baada ya muda nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Akasema, "Kaka, unaukandamiza vibaya." Nikamwachia nafasi. Hatukuombana msamaha siku hiyo. Tuliombana baadaye, na yeye aliniambia jambo ambalo nataka ulijue: alisema hakuwaogopa wazee wa kanisa lake, aliogopa kwamba siku moja mtu atamsimamisha Magesa mbele ya watu kama ulivyosimamishwa wewe, na yeye hatajua la kufanya. Nikamwambia hata mie sikujua. Nilipiga meza tu.

Mkaishusha boti siku ya Alhamisi, siku isiyo ya kanisa la mtu. Tulitegemea kuwa sisi tu. Hukunieleza kwamba umewaambia watoto. Nilipoona wale akina mama wanashuka na njia ya mchangani, kila mmoja na mtoto wake wa shule ya Jumapili, wengine wamebeba vitumbua, na nyuma yao watoto wa kule Jumamosi nao wanakuja na Mama Magesa, ilinibidi nijifanye nakagua kamba. Hata mke wa Mzee Andondile alikuja, na mjukuu. Alimwambia mama yako, "Mzee hajui nipo hapa, na akijua ni shauri yake." Pembeni ulikuwa umeshaandika kwa rangi ya bluu SABATO MBILI. Baba Magesa aliposoma akashika kichwa. "Atu, unataka nifukuzwe kabisa?" Halafu akacheka kama siku ile. Boti ikaingia majini, ikainama kidogo kushoto, mie nikasema ni mkuku wake mnene, yeye akasema ni ubishi wangu, na maji yalipoingia kwa nyuma watoto wakagombania kopo la kuyatoa. Aliimba nani, aliomba nani, sikumbuki. Nakumbuka mlikuwa mmejaa mle ndani na hakuna aliyeuliza nani ni wa siku gani.

Ningependa kukuambia wazee walisikia wakajuta. Walisikia, ndiyo. Miezi ikapita. Jumapili moja nilikuwa pale banda la pikipiki, nafungua kufuli, Mzee Andondile akaja karibu, akatazama huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Atu, lile jambo tumeliangalia. Binti anaweza kuendelea na watoto."

Nikamwuliza, "Mtatangaza?"

"Aa, ya nini tena? Watu wameshasahau."

"Mie sijasahau."

Akanipiga mgongoni akaondoka.

Unaona, Atu? Kukuchafua ilikuwa kwa kipaza sauti, na kukusafisha ni kunong'onezwa kwenye banda la pikipiki! Kwangu mie, si kwako hata! Nilikuja nyumbani. Nikakuambia, na nilitegemea ukatae, useme hurudi mpaka wasimame wakiri. Jumapili iliyofuata ukajifunga kitambaa chako, ukabeba picha zako za kufundishia, ukaenda. Nilikukasirikia, mwanangu, nakiri. Nilikuuliza hujithamini? Ukanijibu, "Baba, wale watoto hawakunisimamisha." Ukaendelea kuvaa viatu.

Na tulipotangaza Jumapili hii kwamba unaondoka, unakwenda chuo cha boti Mwanza na utakaa kwa dada yake Baba Magesa, nilimsikia mzee mmoja wa baraza akimwambia mwenzake, nami niko hatua chache tu, "Si tulisema? Sasa anahamia hukohuko." Ndipo uliponishika mkono ukasema yaishe.

Wewe umeshawasamehe. Nimekuona ukimpelekea yule mama wa dirishani maji ya kunywa alipoishiwa nguvu kwenye semina, na hukufanya kwa kujionyesha. Sijui umekitoa wapi hicho kitu. Hukukitoa kwangu. Sikuambii ukiache, na wala sitakuambia ubebe hasira yangu kwenye begi lako; ni yangu, nitabaki nayo hapa Wazo. Ila usije ukamwambia mtu, wala usijiambie mwenyewe, kwamba halikuwa jambo kubwa. Lilikuwa kubwa. Samehe kitu kikiwa na ukubwa wake.

Huko watakuuliza. Watu wa Jumamosi watakuuliza mbona huachi Jumapili, watu wa Jumapili watakuuliza mbona unalala nyumba ile. Chuoni watakuuliza mwanamke anatafuta nini kwenye karakana. Wengine watauliza kwa wema na wengine kwa ubaya. Sitakuwepo kukuwahi mdomoni, na nimeanza kuona kwamba hilo si jambo la kusikitikia.

Lakini mie nabaki hapa, kanisa ni lilelile, na wazee ni walewale. Shangazi yako Tusekile aliacha kuja, na walioketi mbele wakafurahi kwamba mambo yametulia. Mie sitaacha kuja. Nataka kwenda mbele ya baraza, kwa utulivu, bila kupiga meza ya mtu, niombe waliyosema mbele ya kanisa wayafute mbele ya kanisa. Wakikataa nitarudi mwezi ujao, na unaofuata. Baba Magesa amesema atanisindikiza hadi mlangoni.

Ila safari hii nakuuliza kwanza. Jina ni lako, na aliyesimamishwa ni wewe. Ukiniambia niende, nitakwenda na nitasema maneno utakayonipa, pamoja na yale ya Magesa na sahani ya wali. Ukiniambia nisiende, nitakaa, hata kama itaniuma. Usinijibu kwa kunionea huruma. Nijibu unavyotaka wewe.

Nasikia sauti yako hapo nje, unacheka na mama yako, naye anakuuliza mbona umechelewa na chakula kimepoa. Niliweka jioni hii kwa ajili yako, na nimeimaliza karibu yote kwa kukuandikia. Naiweka kalamu chini, nije kula nawe.

Ni mie baba yako, mwenye kelele, ninayekupenda.